Chupa Mbili za Mgema

Mgema yule aliniletea chupa mbili mwaka 2014. Ya kwanza ilikuwa na mnazi, ya pili ilikuwa na mkojo. Ile ya kwanza niliipokea kwa mikono miwili. Ya pili nilimwambia aitoe mezani pangu, na hilo ndilo linaloniandikisha leo.

Mimi ni tabibu. Kijijini huitwa daktari, nami sikuwahi kumsahihisha mtu. Nilifanya kazi miaka mingi katika kituo cha afya kaskazini ya mto Sabaki, mahali ambapo ukitaka kwenda Malindi mjini shurti ungoje gari lijae kwanza. Kituo sikitaji jina, na mambo machache ya mgonjwa nimeyageuza asije akatambulika. Kosa sikuligeuza.

Alikuja mwezi wa pili, mtu wa miaka 38. Shingoni upande wa kulia alikuwa na tezi tatu zilizovimba, kubwa yao kama yai la kuku. Alikuwa na homa za jioni, na jasho la usiku la kulowesha mkeka. Suruali aliifunga kwa kamba. Nilipomuuliza nguvu zake zikoje, alinijibu kwa hesabu ya kazi yake: "Nalikuwa nakwea minazi kumi na minane kabla jua halijawa kali. Sasa nikifika wa sita nateremka, nakaa chini." Mtu alikuwa amenipa kipimo ambacho maabara yetu haikuwa nacho. Mimi nikaandika neno moja kwenye kadi: udhaifu.

Alipimwa, akapatikana na virusi vya UKIMWI. Kinga yake ilikuwa chini sana. Makohozi yalipimwa mara mbili, hayakuonyesha kitu. Nikaandika: TB ya tezi.

Wasomaji wasio wa kazi yetu wajue kwamba sikuandika upuuzi. Mtu mwenye virusi, amekonda, anatoka jasho usiku na tezi zimefura: mara nyingi ni TB kweli. Hakuna ugonjwa unaoua watu wengi zaidi wenye VVU duniani kuliko TB, na tabibu anayengoja uthibitisho wa kila jambo atazika wengi. Ndiyo sababu kosa hili ni jepesi kulifanya. Unalifanya ukiwa upande wa haki.

Lakini mwongozo ulisema pia kwamba tezi iliyovimba ichomwe sindano, zivutwe chembe, zipakwe kwenye kioo, zisomwe. Sindano yenyewe si ya ajabu, ni ile ile ya kawaida yenye shingo ya bluu. Nilikuwa nazo droo nzima. Vioo tulikuwa navyo, vile vile vya kupimia malaria. Kilichokuwa mbali ni macho ya kuvisoma. Kioo kingevuka Sabaki kwa bodaboda, kingesubiri, pengine kingepotea, na jibu lingekuja baada ya wiki kadhaa. Siku ile ilikuwa Jumanne, siku ya kliniki ya wenye virusi, na foleni ilikuwa imefika kwenye mwarobaini.

Iko sababu nyingine, na hii sikumwambia mtu kwa miaka. Muda mfupi kabla ya hapo kituo chetu kilikuwa kimepongezwa kikaoni, mbele ya vituo vingine, kwa kugundua wagonjwa wengi wa TB. Nilipigiwa makofi. Tangu siku hiyo kila tezi niliyoishika ilikuwa na jina kabla sijaigusa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgonjwa wangu ndiye aliyekuwa mgema, na tembo lake halikuwa na hata tone la maji. Aliyetia maji ni mimi.

Akaanza dawa za TB. Nikamwonya kama tunavyowaonya wote: mkojo utakuwa mwekundu, rangi ya chungwa, usishtuke, ni dawa iitwayo rifampisini inajitokeza. Wiki tatu baadaye nikamwanzishia dawa za virusi, ile tembe moja ya usiku. Homa ikatulia kidogo. Tulikuwa tunampa na unga wa lishe, basi uso ukajaa.

Mwezi wa nne tezi zikafura upya, na safari hii hata kwapani. Jibu la hilo nalo nililijua. Mtu akianza dawa za virusi huku kinga iko chini, kinga yaweza kuamka kwa kishindo ikaivamia TB iliyojificha, tezi zikavimba si kwa kuwa ugonjwa umezidi bali kwa kuwa mwili umepata nguvu za kupigana. Ni jambo la kweli, nimeliona kwa wagonjwa wengi. Nikamweleza kwa mbwembwe, mikono ikienda huku na huku kama mwamuzi wa mpira. Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Sasa vita hivi daktari, tutajuaje nani anashinda?"

Nikacheka. Nikamwandikia prednisoloni.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu huchomeka. Prednisoloni hutuliza ule mvurugo wa kinga, ndiyo sababu tunaitoa. Lakini ni hiyo hiyo iliyo moja ya dawa nne za tiba ya kawaida ya limfoma, kansa ya tezi. Ukimpa mwenye limfoma prednisoloni pekee, uvimbe hunywea. Haufi, unajikunyata. Tena inaweza kuharibu sampuli, hata aliye kwenye hadubini asione alichopaswa kuona. Kwa hiyo nilimpa robo ya tiba ya ugonjwa nisioutaja, kwa wiki chache, kisha nikamwondolea. Na kwa siku kumi tezi zilisinyaa hata kola ya shati ikafungika.

Ndipo ikaja chupa ya kwanza, mnazi mtamu wa asubuhi, ule usiolewesha bado, mdomo wa chupa umezibwa kwa makumbi. "Mimi sina pesa, daktari," aliniambia, "lakini mti haujaninyima." Niliupeleka nyumbani. Nilijisikia bingwa.

Prednisoloni ilipokwisha, tezi zilirudi na wenzao. Mwezi wa sita shingo yake ilikuwa imepinda. Sasa mimi, niliyekuwa na maelezo mawili mazuri, nilitafuta la tatu, nikalipata kwa mgonjwa mwenyewe: hanywi dawa. Nilimuuliza hadharani, mlango uko wazi, watu wameketi kwenye benchi.

"Dawa wazimeza au wazitupa?"

"Nazimeza."

"Na mnazi je?"

"Nagema. Sinywi tangu ulipoinambia."

"Mgema asiyekunywa!" nikasema, na benchi likacheka. Nikamtuma kwa mshauri akafundishwe umuhimu wa kufuata dawa. Alikwenda mara tatu. Mara zote tatu alihudhuria kwa wakati.

Siku ya nne baada ya somo la mwisho akaja na chupa ndogo ya soda. Ndani mlikuwa na mkojo, rangi ya chungwa iliyoiva. Akaiweka mezani polepole. "Wewe mwenyewe ulisema mtu akinywa dawa huwa hivi. Huu ni wa leo. Kesho nitakuletea wa kesho."

Nikamwambia aitoe mezani, kwamba hapa si choo.

Ushahidi bora kuliko huo sikuwa nao katika faili lote. Kama dawa anameza na tezi zinakua, basi ama TB hiyo ni sugu ama si TB kabisa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angefika hapo. Hata mimi nilifika, lakini nilifika usiku, kitandani, nikageukia upande wa pili nikalala. Kulikubali wazo lile kungemaanisha kwamba prednisoloni niliitoa kwa upofu, na kicheko cha benchi kilikuwa dhuluma, na makofi ya kikaoni sikustahili. Mwezi wa nane miezi sita ya dawa ikatimia. Badala ya kumpeleka mbele, nikamwongezea miezi mitatu ya dawa zile zile.

Kati ya hapo alikwenda kwa mganga. Nimesimama kwenye mabaraza mengi ya chifu, Marafa, Gongoni na kwingine, nikiwaambia watu kwamba waganga ndio wanaotuchelewesha. Kwa wengine ni kweli. Lakini mganga wa mgema huyu, kama nilivyosimuliwa baadaye, alishika tezi zile, akazitazama, akasema hizi si zake, mpelekeni hospitali kubwa. Hakuchukua hata kuku. Aliagua kwa siku moja kile nilichoshindwa kwa miezi. Na mgema, mtu mtiifu, "hospitali kubwa" aliifahamu kuwa ni mimi. Akarudi kwangu.

Aliyeukata uzi huu ni muuguzi kijana aliyehamishiwa kwetu mwezi wa tisa. Hakuwa na nia ya kunikosoa. Alipekua kadi mbele na nyuma, akitafuta karatasi ambayo haikuwepo, kisha akauliza kwa adabu: "Daktari, sampuli ya tezi ilitolewa lini?"

Sikumjibu. Nilichukua fomu ya rufaa nikaijaza. Malindi alikatwa kinyama, kinyama kikasafiri hadi Mombasa, na mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja jibu likarudi: limfoma, aina ile ya seli kubwa inayokua mbio. Kwa wakati huo ilikuwa tumboni na kwenye mifupa. Tangu siku aliponionyesha shingo yake ilikuwa miezi tisa, mimba nzima. Limfoma ya namna hii hukua mbio, lakini ni katika kansa chache ambazo, hata kwa mwenye virusi, akiwahiwa na akimeza dawa zake za virusi, zinaweza kuondoka kabisa. Alikuwa anazimeza. Nina ushahidi, uliletwa kwenye chupa.

Siwezi kusema elimu haikunifikia. Chuoni tulifundishwa kwamba kansa ilikuwa miongoni mwa dalili za kwanza zilizoutambulisha UKIMWI: mwaka 1981 madaktari wa New York na California waliripoti wanaume 26 wenye kansa ya Kaposi, wakati virusi vyenyewe havijapata hata jina. Tulifundishwa kansa tatu zinazohesabiwa kuwa dalili za UKIMWI uliokomaa: Kaposi, limfoma fulani, na ya mlango wa kizazi. Tulifundishwa habari za Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliyeandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya za watoto, limfoma inayoandamana na malaria, na pwani yetu imo katika ukanda huo. Si ugonjwa wa Wazungu huu. Kilifi mjini, safari ya asubuhi moja kutoka kwangu, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome tangu 1989, na wataalamu wake wanasikizwa dunia nzima. Elimu ilikuwa imenizunguka. Nilichokosa ni kulishuku neno nililokwisha kuliandika.

Hilo ndilo jambo la VVU ambalo watu wa nje hawalioni. Hufikiri ucheleweshaji ni wa barabara mbovu, au wa aibu, au wa umaskini, na vyote hivyo vipo. Lakini mgonjwa wangu hakuchelewa hata siku moja. Alikuja mapema, akaja kila tarehe, akasema ukweli kila alipoulizwa. VVU ndivyo vilivyonipa mimi jibu la kila swali. Amekonda? Virusi. Tezi? TB. Zimezidi? Kinga imeamka. Zimerudi? Mkaidi. Ugonjwa mmoja ukishakuwa na maelezo ya kila kitu, wa pili hupita mlangoni mchana kweupe.

Baada yake niliziogopa kadi zangu za nyuma. Jumanne zangu zilikuwa za wanawake zaidi kuliko wanaume. Mwanamke mwenye VVU yumo katika hatari ya kansa ya mlango wa kizazi mara sita zaidi ya asiye navyo. Wangapi waliniambia wanatokwa damu katikati ya mwezi, au baada ya kulala na mume, nami nikasema ni sindano ya kupanga uzazi? Kipimo cha siki hakihitaji umeme wala gari la kwenda Mombasa. Ni siki, pamba, taa, na mtu aliyefundishwa anayetazama kama ngozi inageuka nyeupe. Sisi tulikuwa na chumba, na chumba tulikuwa tumekijaza maboksi ya fomu. Tuliyatoa mwaka 2015. Mwaka 2019, chanjo ya HPV, ya kuzuia kansa hiyo, ilipozinduliwa Mombasa kwa wasichana wa miaka 10, nilikuwa nimekwisha kuwaona akina mama wawili ambao siki iliwaonyesha jambo likiwa bado dogo. Nawataja si kwa kujisafisha. Wawili hawamrudishi mmoja.

Yaliyofuata kwa mgema nitayapitia haraka. Kemo ilikuwa Mombasa, kilomita 120 kutoka Malindi, mbali na ile safari ya kufika Malindi kwanza. Hutolewa kila baada ya siku 21, mara sita ikiwa mwili unakubali. Minazi ikawekwa rehani, mitano kwanza, kisha yote. Alipata kemo mara mbili. Mara ya pili alinipigia simu akiwa kwenye matatu, akaniambia kwamba katika dawa walizomtia mlikuwa na moja nyekundu, na mkojo ulikuwa mwekundu tena. "Na huu nao hutaki kuuona?" akasema, akacheka. Alikuwa ananitania. Alifariki wiki ya kwanza ya Januari 2015.

Matabibu wenzangu wa Magarini, wa Ganze, wa Bamba, wa kila mahali palipo na foleni hadi kwenye mwarobaini, nawaomba jambo dogo. Tezi ambayo hamjaichoma sindano, msiipe jina kwa kalamu ya wino. Iliyotibiwa mwezi au miwili bila kupungua, isiongezewe dawa zile zile, itolewe sampuli. Na prednisoloni isitangulie sampuli. Nawe mgonjwa, au ndugu wa mgonjwa, unayo haki ya kuuliza lile swali la muuguzi kijana: sampuli ilitolewa lini? Uliza hata kama daktari anakunja uso. Mimi ningekunja, lakini ningelazimika kujibu.

Kiasi cha mwezi mmoja baada ya mazishi nilikwenda kwa mkewe. Alikuwa amekaa chini anasuka makuti ya kuuza, maana minazi ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, yakanitoka vibaya. Nilimwambia mumewe hakuwa na TB, alikuwa na kansa, na kosa la kuchelewa lilikuwa langu, si lake wala si la mganga.

"Ulikuwa uijue lini?" aliuliza.

"Mwezi wa nne, mama. Mwezi wa sita sikuwa na udhuru tena."

Aliendelea kusuka hadi kuti likaisha, akaliweka juu ya mengine. Hakulia wala hakunitukana. Msamaha sikuuomba, na yeye hakuutaja. Akasema: "Hapa wasema ni ukimwi ulomuua, kwa sababu walimuona na dawa za TB, na TB wasema ni ukimwi. Watoto waambiwa shuleni. Niandikie karatasi kwamba ni kansa, uipige muhuri."

Barua niliiandika siku ile ile, nikaipiga muhuri mara mbili. Kuna kazi nyingine moja iliyobaki, ya rejista ya TB ya mwaka 2014. Ilinipasa kumwondoa humo, kwa kuwa hakuwa na TB, na kuandika sababu. Lakini sababu ingesomwa na msimamizi, msimamizi angehesabu miezi, na robo ya mwaka ilikuwa inafungwa. Takwimu zikapelekwa kama zilivyo. Nilistaafu bila kuigusa. Mstari wake unasema TB ya tezi, na kwenye safu ya matokeo pameandikwa: amefariki. Mwandiko ni wangu.